Msimu wa theluji Méribel: mtoto wa Kibosho kwenye mlima wa watu

Kila anayesikia kwamba nilifanya kazi msimu mzima kwenye milima ya Ufaransa huniuliza kwanza kama nilijifunza skii. Nilijifunza, kiasi cha kushuka mteremko wa watoto bila kushikwa mkono. Ila ninachotaka kuandika ni usiku mmoja tu, wa Jumamosi tarehe 27 Desemba 2014, niliolala kwenye godoro la mazoezi katika ukumbi wa michezo wa mji mdogo bondeni. Usiku ule ndipo nilipoielewa kazi ya mdogo wangu kule Moshi, ya kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro.

Wakati huo nilikuwa naishi Reading, Uingereza, nikipika kwenye jiko la hoteli. Pasipoti ya Uingereza ilikuwa bado inatosha kukufungulia kazi Ufaransa bila kibali. Kampuni moja ya Kiingereza, inayopangisha wageni nyumba za mbao milimani zile wanazoziita shale, ilikuwa inatafuta wapishi. Tangazo lilikuwa tamu: chumba bure, chakula bure, skii za kuazima, bima, na pasi ya kupanda lifti zote za mlima hadi Aprili. Mshahara waliutaja mwisho kabisa, na haukufika pauni mia kwa wiki. Nilipiga hesabu, nikaona sitalipa kodi wala nauli ya basi, nikasaini.

Méribel ni mji wa Kifaransa unaoongea Kiingereza. Ulianzishwa na Mskoti, Peter Lindsay, mwishoni mwa miaka ya 1930, na mpaka leo Waingereza wanaufuata kama nyumbani kwao. Mwaka 1992, Olimpiki ya Albertville ilipofanyika, mbio za wanawake za kushuka mlima ziliendeshwa pale. Msimu niliofika mimi wageni walikuwa wanauliza habari moja zaidi, wapi hasa Michael Schumacher, bingwa wa mbio za magari, alikoangukia, maana ajali yake ya skii ilitokea palepale tarehe 29 Desemba 2013.

Mimi kilichonishangaza ni kimo. Méribel iko kama mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, haipishani sana na Kibosho ya juu nilikozaliwa. Wenzangu walikuwa wanalalamika kwamba keki zinaumuka halafu zinadidimia, maharage hayaivi, viazi vinachukua muda. Kwangu hilo lilikuwa jiko la mama. Lakini kwenye kimo hicho sisi tuna migomba, kahawa na ng'ombe zizini, na theluji tunaiona kwa mbali tu, kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi mawingu yakifunguka. Pale Méribel nilikuwa naizoa kwa beleshi kila alfajiri kwenye ngazi za shale, namwaga chumvi, narudi kupika uji wa shayiri na mayai. Theluji mpya ni nyepesi, inapepea kwenye beleshi kama unga. Ya jana iliyokanyagwa inashika kama saruji, na ukiipiga vibaya mshtuko unapanda hadi begani.

Tulilala chini ya nyumba, chumba kimoja watu wanne, vitanda vya ghorofa, dirisha moja dogo lililofukiwa na theluji tangu Januari. Mlango wa pili ulikuwa wa chumba cha kukaushia viatu vya skii vya wageni, na harufu yake ilikuwa inalala na sisi. Kazi ilianza saa moja kasoro asubuhi: kifungua kinywa, usafi wa vyumba, kuoka keki ya saa kumi. Mchana ulikuwa wako. Jioni tena hadi saa nne au tano usiku, chakula cha awamu tatu na divai isiyo na kikomo, halafu vyombo. Kima cha chini cha mshahara Ufaransa mwaka ule kilikuwa euro 9.53 kwa saa. Sisi tuliambiwa tumeajiriwa kwa taratibu za Uingereza, kwa hiyo hiyo haituhusu. Bia ndogo mjini ilikuwa ikigonga euro saba. Mtu akitoka kunywa mbili, mshahara wa siku umekwenda.

Jumamosi ndiyo siku ya kubadilisha wageni. Wa zamani wanaondoka alfajiri, wapya wanafika jioni, na katikati hapo nyumba nzima inafuliwa, inasuguliwa na kupangwa upya. Desemba ile theluji ilikataa. Wiki ya Krismasi wageni walikuwa wanateleza kwenye ukanda mwembamba wa theluji ya mashine huku nyasi zikionekana pembeni, na kila mezani ilikuwa lawama, kana kwamba mimi ndiye niliyeifunga mbingu. Usiku wa kuamkia Jumamosi ikaanza kudondoka, na haikuacha.

Kijana aliyekuwa anasindikiza basi la kampuni aliamka na homa. Meneja akanigongea saa kumi na nusu, akanikabidhi fulana yenye nembo na orodha ya majina: nenda nao uwanja wa ndege wa Geneva, rudi na wapya. Siku ya kawaida ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Kushuka tu hadi Moûtiers, mji wa bondeni, kwenye zile kona zinazorudiana, tulitumia muda ambao tungekuwa tumekaribia uwanja. Wengine waliachwa na ndege. Mama mmoja alinisimamia usoni akidai nimpe jina langu kamili ili aniandikie barua ya malalamiko. Nilimpa. Ningefanya nini?

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Siku hiyo njia zote za Savoie, mkoa ule wa milima, ziliziba: maelfu ya magari yakipanda, maelfu yakishuka, theluji inamwagika na barabara imekuwa kioo. Baadaye taarifa zilisema watu wapatao 15,000 walikwama. Basi letu lilisimama, likasogea urefu wa gari mbili, likasimama. Choo cha basi kilijaa kabla giza halijaingia. Watoto walilia mpaka wakachoka. Watu wazima wakaanza kunigeukia mimi, mwenye fulana yenye nembo, wakitaka maji, maelezo, na fidia. Nilipiga simu ya ofisi hadi betri ikabaki kidogo. Wakaniambia tuvumilie.

Halafu dereva akazima injini. Akanionyesha mashine inayorekodi saa zake za kuendesha, akasema saa zake za kisheria zimekwisha, akiendelea leseni yake inaingia matatani. Hakupandisha sauti wala kuomba radhi. Nilimwonea wivu, sitaficha. Yule bwana alikuwa na sheria iliyomwambia basi, leo umefanya vya kutosha.

Askari wa jandarma alitutoa barabarani akatuelekeza kwenye ukumbi wa michezo uliofunguliwa kwa dharura. Ndani taa kali, ubao wa mpira wa kikapu juu ya vichwa, na familia zimetandazwa sakafuni kama wahamiaji. Watu wa mji walileta mablanketi na supu ya mboga. Hawakutudai hata senti, na hiyo ndiyo supu pekee ya bure niliyokunywa Savoie.

Nilihakikisha kila jina kwenye orodha lina godoro, nikabaki na kipande cha kwangu ukutani. Jirani yangu alikuwa mgeni wa shale yetu, Mwingereza wa makamo aliyekuja na binti zake. Akaniuliza kwetu wapi. Niliposema Tanzania, chini ya Kilimanjaro, alikaa wima. Alikuwa ameupanda miaka michache nyuma kwa njia ya Machame. Akatoa simu akaanza kunionyesha picha.

Picha za kileleni nilizipitia haraka, zote zinafanana. Aliposhuka kwenye zile za njiani nikamwomba arudi nyuma. Kulikuwa na msururu wa wagumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro, wanaopanda kwenye mvua, mizigo kichwani, mmoja amejifunika mfuko wa plastiki aliotoboa tundu la kichwa. Niliikuza ile picha sura baada ya sura. Mdogo wangu ni mgumu, na njia yake kubwa ni hiyohiyo ya Machame. Hakuwemo. Nilimwambia yule baba ninamtafuta nani, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo anasema hakuwahi kuwauliza wenyewe: wale wanakula saa ngapi, na wanalala wapi?

Nikamweleza. Wanakula wageni wakishakula na vyombo vikishaoshwa, mara nyingi ugali. Wanalala wamebanana kwenye hema moja, nguo zikiwa bado mbichi. Wanaamka kabla ya mgeni ili akute maji ya moto. Siku ya mwisho wanaimba na kucheza, halafu wanasubiri kuona bahasha ya tipu ina nini, kwa sababu mshahara peke yake hautoshi. Nilipofika kwenye bahasha sauti ilinikatika. Kile chumba chetu cha chini, kile chakula cha masalia tunachokula tumesimama saa tano usiku, ile bahasha ya Jumamosi asubuhi juu ya meza ya jikoni: nilikuwa nayasimulia maisha yangu. Tena kwenye geti la Machame mzigo wa mgumu unawekwa kwenye mizani, kilo 20, ukizidi unapunguzwa. Méribel hakuna aliyekuwa ananipimia.

Yule baba hakusema la kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Aliniuliza jina la mdogo wangu, akaliandika.

Asubuhi tulipanda kwa minyororo kwenye matairi, tukafika karibu na adhuhuri. Jua limetoka, mlima mzima mweupe, mzuri ajabu, na wageni wakasahau kila kitu wakakimbilia viatu vya kukodi. Mimi niliambiwa nikaoke keki. Siku ile na usiku wake ofisi ilikataa kuvihesabu kama kazi ya ziada, eti nilikuwa "safarini".

Januari na Februari sina cha kusema. Zilipita kwa beleshi na sufuria. Likizo za shule za Kifaransa zilipoanza, hata nyanya dukani zilipanda bei, nikaacha kununua cha kwangu. Mara moja moja mchana nilipanda lifti hadi juu kabisa, nikakaa nikitazama upande wa Mont Blanc. Ule ni mlima mkubwa wa watu hao, lakini Kibo inauzidi kwa zaidi ya mita elfu moja. Nilikuwa namwambia hivyo kila aliyekaa karibu nami kwenye kiti cha lifti.

Nilipompigia mdogo wangu kwa intaneti ya shale alianza kama kawaida, "Shikamoo kaka, Ulaya inasemaje?" Safari hiyo nilimuuliza mambo ambayo sikuwahi kumuuliza: glavu anazo, anavaa nini mvua ikimkuta kambi ya Shira, magoti yanaendeleaje. Alicheka, akauliza nani amenipa hizo habari.

Aprili kampuni ilinikata fedha za dhamana, eti godoro lina doa na glasi za divai zimepungua. Nilibishana, nikarudishiwa nusu. Ila kuna kitu hawakujali: vitu vilivyosahauliwa na wageni msimu mzima, jaketi, glavu, soksi nzito, taa za kichwani, vyote vilikuwa vinakwenda jalalani. Nikaomba, nikapewa, nikajaza maboksi. Viatu vya skii niliviacha, havifai kupandia mlima wowote. Usafirishaji hadi Dar na ushuru wa bandarini ulikula karibu tipu zangu zote, ikiwemo bahasha ya yule baba wa ukumbini iliyokuwa nene kuliko zote. Mdogo wangu aligawa mzigo na wenzake wa kundi moja. Jaketi kubwa jekundu alichukua mpishi wao, kwa kuwa ndiye anayeamka wa kwanza.