Kisasi cha Mr. Freeze na Mkanda wa Video

Wiki hii nimerudi kuutazama Batman: The Animated Series, mfululizo wa katuni ulioanza kurushwa kwenye televisheni ya Marekani mwezi Septemba 1992. Wengi wetu tuliupenda utotoni kwa sababu ya mapigano na ule mji wa Gotham usiokucha. Nikiutazama sasa, naona kwamba swali linalojirudia chini ya mapigano yote hayo ni lile la mtu aliyedhulumiwa: aifanyie nini hasira yake?

Sehemu iliyonikosesha usingizi ni Heart of Ice, iliyoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Kabla yake, Mr. Freeze alikuwa mhalifu wa daraja la chini katika vitabu vya katuni, mtu wa bunduki ya barafu na mzaha wa baridi. Dini alimpa mke, Nora, aliyeugua maradhi yasiyo na tiba, na ambaye mumewe, mwanasayansi Victor Fries, alimhifadhi katika baridi kali akisubiri tiba ipatikane. Ferris Boyle, mkuu wa kampuni ya GothCorp, alipoona jaribio hilo linakula fedha, aliingia maabara na walinzi wake akaamuru lisitishwe; Fries alipopinga, Boyle alimpiga teke akaangukia kemikali, na tangu hapo Fries hawezi kuishi ila ndani ya baridi.

Dhuluma hiyo haina utata hata kidogo, na waandishi walikusudia iwe hivyo, kwani hawakutaka tumchukie mlipiza kisasi kwa urahisi. Hata Batman, akishayajua yote, anamwambia Fries kwamba anasikitika kwa yaliyompata mkewe. Lakini anamuuliza pia kama yuko tayari kuua kila aliyemo ndani ya jengo la hafla ya Boyle, anakokwenda kumlipiza, ili ampate mtu huyo mmoja. Fries anajibu kwa kueleza alichonyang'anywa: kutembea siku ya kiangazi, upepo wa joto ukimpiga usoni, na mkono wenye joto wa kushika, kwa ajili ya hayo, anasema, angeua. Maneno hayo ni mazuri mno, na nilipoyasikia nilikuwa karibu kabisa kuwa upande wake, hadi nilipogundua kwamba hakujibu alichoulizwa. Aliulizwa habari za watu wasiohusika, akaeleza maumivu yake. Nadhani kisasi hufanya kazi namna hiyo: hakikanushi kwamba wengine wapo, ila maumivu yanakuwa makubwa kiasi cha kutoacha nafasi ya kuwaona.

Kinyume cha bunduki ya barafu katika sehemu hii ni mkanda wa video. Kitendo cha Boyle kilirekodiwa, na Batman aliupata mkanda huo alipoingia kwa siri katika majengo ya GothCorp. Mwishoni, katika hafla ileile ambayo Boyle alikuwa akitunukiwa kwa utu wake, Batman anamkabidhi mwandishi wa habari Summer Gleeson mkanda huo. Fries alitaka Boyle ajue kwa nini anakufa, basi. Batman alitaka Gotham yote ijue Boyle alifanya nini. Kisasi kilihitaji watu wawili tu, mdhulumiwa na mdhalimu, ilhali mkanda ulilipeleka jambo mbele ya watu wa tatu, ambao hawakuumizwa lakini wana wajibu wa kuamua. (Wakili yeyote angeuliza, kwa haki kabisa, ushahidi ulioibwa na mtu aliyevaa barakoa una uzito gani mahakamani. Sehemu hiyo haitupeleki huko.)

Wapo watakaonikumbusha kwamba Batman mwenyewe, katika sehemu ya Nothing to Fear, anatamka kwamba yeye ni kisasi. Ni kweli, na kauli hiyo imekuwa maarufu kuliko nyingine zote za mfululizo huu. Hata hivyo naona anajisingizia. Kama angekuwa kisasi, kazi yake ingekuwa na mwisho, nao ni kumpata aliyewaua wazazi wake. Yeye anaendelea usiku baada ya usiku kwa ajili ya watu asiowajua, na anaowakamata anawaacha mikononi mwa Kamishna Gordon, mkuu wa polisi wa Gotham.

Robin's Reckoning, ya mwaka 1993, inalitatiza wazo langu hilo, na ndiyo maana naipenda. Mhalifu Tony Zucco aliwaua wazazi wa Robin, kijana msaidizi wa Batman aliyelelewa naye; walikuwa wanasarakasi, na aliwaua baada ya mwenye sarakasi kukataa kumlipa fedha za ulinzi. Miaka mingi baadaye Zucco anarudi mjini, na Batman anamficha Robin habari hizo. Robin anazipata, anamfuata Zucco na kumkamata, na Batman anapomsihi aache, anamfokea kwamba hawezi kujua anavyojisikia. Kisha anakatiza maneno yake, kwa kuwa amekumbuka anasema na nani. Zucco anachukuliwa na polisi.

Baadaye nilitarajia mhadhara kuhusu sheria. Badala yake Batman anakiri kwamba hakuwa na hofu ya Robin kulipiza kisasi, bali hakustahimili wazo kwamba Zucco, aliyekwisha kumnyang'anya Robin mengi, angeweza kumchukua na Robin mwenyewe. Sababu yake haikuwa kanuni. Ilikuwa mapenzi, pamoja na woga wa mlezi.

Hapo ndipo ninapomwona Fries upya. Mtu pekee ambaye angeweza kumshika mkono na kumwambia inatosha alikuwa Nora, na ndiye aliyenyang'anywa. Akiwa kizuizini Arkham, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili, anamwomba Nora msamaha, lakini anaomba kwa kushindwa kutimiza kisasi. Wale waliokuwa ukumbini usiku ule hawamo katika toba yake. Robin alikuwa na mtu aliyeyajua maumivu yaleyale, amesimama hatua chache kutoka alipo. Sioni popote katika sehemu hiyo panaponihakikishia kwamba angemwachia Zucco kama angekuwa peke yake.