Kanzu za Dorkasi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wote tunajua runinga inavyomlilia msanii. Anafariki asubuhi, na kufikia taarifa ya habari ya usiku kila kitu kiko tayari: picha yake akitabasamu, kinanda chinichini, vipande vitatu vinne vya zile kazi zilizotuchekesha, kisha miaka miwili na kistari katikati. Nyingi ya taazia hizo huandaliwa mhusika akiwa bado hai. Wala siwalaumu, kazi ya habari ndivyo ilivyo. Nami machozi hunitoka vilevile.

Lakini wiki hii nimekumbuka sherehe za tuzo za Oscar za Februari 2017. Wengi tunaukumbuka usiku ule kwa sababu ya bahasha iliyokosewa na filamu bora ikatangazwa siyo. Kosa lingine lilipita kimyakimya. Kwenye sehemu ya kuwakumbuka waliofariki, likatokea jina la Janet Patterson, mbunifu wa mavazi aliyewahi kuteuliwa mara nne kuwania tuzo hiyohiyo. Jina lilikuwa lake, kazi iliyotajwa ilikuwa yake, ila sura haikuwa yake. Ilikuwa ya Jan Chapman, mtayarishaji wa filamu, rafiki yake wa miaka mingi, tena mzima wa afya. Ilimbidi Chapman ajitokeze kueleza kwamba yu hai. Alikuwa anaomboleza rafiki, akajikuta anaombolezwa yeye.

Patterson alikuwa mshonaji, kwa lugha yetu ya kawaida. Ndiyo maana nikafungua Matendo 9.

Dorkasi wa Yafa, aliyeitwa pia Tabitha, naye alikuwa wa sindano na uzi. Alipofariki, walimwosha, wakamlaza orofani, wakatuma watu wawili wamwite Petro. Petro alipopanda kule juu hakupewa wasifu. Hakuna aliyemtajia marehemu alizaliwa lini wala alijulikana hadi wapi. Wajane walimzunguka wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hebu waone: mmoja anainua pindo, mwingine anageuza mkono wa kanzu ili mshono uonekane. Huenda wengine walikuwa wamezivaa. Sura ya Dorkasi wangeweza kuisahau baada ya miaka, lakini wangeisahauje nguo iliyo mwilini?

Runinga nayo, nikiitendea haki, imewahi kufika karibu na orofa ile. Mwigizaji Will Lee alifariki Desemba 1982. Alikuwa Bwana Hooper, mwenye duka katika kipindi cha watoto cha Sesame Street huko Marekani. Watayarishaji wangeweza kusema amehama, au kumweka mtu mwingine dukani, na watoto wasingeuliza sana. Walichagua kusema kweli. Katika kipindi kilichorushwa Novemba 1983, Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano, anagawa picha alizowachora rafiki zake. Anabaki na moja mkononi, ya Bwana Hooper, anataka kumpelekea. Hapo watu wazima wanamwambia, kwa maneno ya kawaida kabisa, kwamba Bwana Hooper amekufa na hatarudi. Anauliza kwa nini iwe hivyo. Wanamjibu kwamba ndivyo ilivyo tu. Sijasikia mahubiri mengi ya msibani yenye unyofu wa namna hiyo, na nimehudhuria misiba mingi.

Basi wiki hii, kabla ya kumtumia mfiwa picha ya mshumaa kwenye simu, mwulize: alikushonea nini? Kisha kaa usikilize, hata kama hadithi ni ndefu.

Petro naye alisikiliza, akaziona zile nguo. Halafu akawatoa wote nje, akapiga magoti, akaomba. Akaugeukia ule mwili, akamwita kwa jina lake: Tabitha.