Kamera ya Mjomba

Jana alasiri, nikipanga kabati la marehemu mjomba wangu hapa Ngamiani, Tanga, niliikuta Pentax K1000 yake ndani ya mkoba wa ngozi uliokwisha kupauka, na kabla hata ya kuifuta vumbi nilivuta mkono wa kupeleka mkanda, nikabonyeza. Shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye mkanda, ikalia kama zamani, mlio mkavu na mzito wa chuma.

Kamera za aina hii zilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na naamini zimedumu hivi kwa sababu haziutegemei umeme katika kazi yao kubwa. Shata huendeshwa na springi na gia, kuanzia sekunde 1 hadi sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Betri, ndogo kama kifungo cha shati, inauinua tu mshale wa kipima mwanga unaouona ukichungulia; ikiisha, mshale unalala lakini picha zinaendelea kupigwa.

Betri hiyo ilituishia mikononi mara nyingi, kwa kuwa kipima mwanga hicho hakina swichi ya kukizima, na lenzi ikiachwa wazi mwangani betri inaendelea kuliwa. "Mjomba, funika," alikuwa akiniambia kila baada ya picha, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja.

Siku ninazozikumbuka kwa mapenzi zaidi ni zile ambazo betri ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tukienda Raskazone kuwapiga picha watu waliovaa nguo za sikukuu, naye, badala ya kuhangaika, aliniamuru nitazame kivuli changu ardhini. Kwa mkanda wa 100, yaani kipimo cha wepesi wake wa kupokea mwanga, na shata kwenye 125, yaani sehemu moja ya 125 ya sekunde, kivuli chenye ukingo mkali kilimaanisha tundu la lenzi liwekwe kwenye 16; kadiri namba inavyopungua, ndivyo tundu linavyopanuka. Ukingo ukififia, 11. Kivuli kikionekana kwa shida, 8. Kisipoonekana kabisa, 5.6. Mkanda ulikuwa na picha 36, kuununua ni fedha na kuusafisha ni fedha nyingine, kwa hiyo nilijifunza kukisoma kivuli kwa makini ambayo sijawahi kuyatia katika somo lolote la darasani. Hadi leo nikitembea barabarani saa sita mchana, macho yangu hushuka chini yenyewe na moyoni nasema: kumi na sita.

Kilichoidhuru kamera ni hewa yetu ya pwani. Nilipoielekeza lenzi dirishani niliona ukungu umeota ndani ya kioo, nyuzi nyembamba nyeupe kama utando wa buibui, na nilihuzunika kwa kuiacha kabatini miaka yote hii bila kuipeleka kwenye hewa kavu. Nitamtafuta fundi wa kuifungua na kuisafisha.

Nilikaa nayo mpaka adhana ya magharibi, nikiijaribu kasi moja baada ya nyingine na kuisikiliza ile ya sekunde nzima inavyonguruma taratibu kabla ya kujifunga. Kisha niliirudisha mkobani, lakini kwanza nikaifunika lenzi, ingawa betri haimo.