Neno "fine" na jibu la bibi wa chumba cha mwisho

Nilipoanza kazi ya kuwahudumia wazee katika makao moja mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, niliamini kwamba neno "fine" halingenipa shida yoyote. Tulilifahamu tangu shule ya msingi: mwalimu akiuliza hali, darasa zima lilisimama na kujibu kwa sauti moja, "I am fine, thank you, teacher." Maana yake tuliambiwa ni "nzuri", na somo likaishia hapo.

Katika wiki zangu za mwanzo nilimpelekea chai bibi mmoja wa chumba cha mwisho. Nilimwita kwa jina lake la kwanza kama alivyotaka mwenyewe, ingawa moyoni nilimwita bibi. Nilimuuliza hali yake, akasema, "I'm fine, love." Niliandika kwenye daftari la zamu kwamba anaendelea vizuri. Muuguzi aliyepita baadaye alikikuta kikombe kimejaa, chai imepoa na maziwa yameweka utando juu, na mkono wa bibi umeshika ukingo wa shuka kwa nguvu. Alikuwa na maumivu ya nyonga tangu usiku.

Sikulala vizuri siku ile. Kwetu pia mgonjwa huanza kwa "sijambo" au "nzuri", hata akiwa hoi kitandani, kwa sababu ni ada ya salamu. Lakini baada ya "nzuri" huja "ila", na baada ya "ila" ndipo utasikia habari ya mguu, ya presha na ya usingizi uliokataa. Anayeuliza hungoja. Mimi niliingoja "ila" ya yule bibi, na haikuja, kwa kuwa katika Kiingereza chake jibu lilikuwa limekwisha.

Nilipolitafuta neno hili kwenye kamusi nilishangaa. Asili yake ni Kilatini, finis, yaani mwisho au mpaka, nalo liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Kitu kilichofikishwa mwisho wake ni kitu kilichokamilika na kusafishwa, na kutoka hapo maana zikatawanyika: dhahabu safi ni "fine", mchanga laini ni "fine", nywele nyembamba ni "fine", na siku isiyo na mvua, ambayo watu wa huku huithamini sana, nayo ni "fine". Hata adhabu ya fedha inatoka katika shina hilohilo, kwa kuwa ni malipo yanayomaliza shauri, na hiyo ndiyo tuliyoichukua sisi tukaiita faini. Dereva anayeandikiwa faini na trafiki Dar es Salaam anatamka neno lilelile alilonijibu bibi kitandani.

Maana iliyonichukua muda mrefu zaidi ni ya kukataa. Nilimkaribisha mwenzangu wa kazi chapati, akasema "I'm fine", nami nikamwekea mbili kwenye sahani nikidhani amenieleza kwamba hajambo. Alikuwa amekataa kwa adabu, kama sisi tunavyosema "nimeshiba" hata tukiwa na njaa. Mkuu wa zamu naye akisema "that's fine" huku sauti ikishuka mwishoni, nimejifunza kurudi kuangalia kazi yangu upya, maana mara nyingi kuna jambo ambalo hakulipenda.

Kwa yule bibi nimeacha kuuliza swali linalojibika kwa neno hilo. Ninakaa kwenye kiti kando ya kitanda, ninamuuliza aliamka mara ngapi usiku na ni upande gani aliolalia. Juzi alinyamaza kidogo, akaigusa nyonga ya kushoto, akasema aliamka mara nne. Nikaandika hivyo kwenye daftari, kisha nikaenda kumwita muuguzi kabla chai haijapoa.