Swali la Tatu

Jana binti yangu alinikuta natunga mtihani. "Mama, ukiwaruhusu wafungue vitabu, utajuaje kama wanajua?" Nikamjibu juu juu, akaenda zake. Usingizi nao ukaenda.

Mnaukumbuka muhula ule wa 2020. Machi 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza UVIKO-19 kuwa janga, na kufumba na kufumbua tukawa tunafundishia kwenye skrini. Mtihani wangu wa takwimu niliupandisha mtandaoni vilevile ulivyokuwa kwenye karatasi: saa 2, kamera wazi, muda ukiisha mfumo unajifunga. Nilichoogopa ni kuangalizia tu. Wanafunzi 11 walikatikiwa na mtandao katikati, mfumo ukawaandikia sifuri. Idarani nilipeleka ripoti kwamba wastani wa darasa ni 58, mtihani umekwenda salama.

Walipoanza kuniandikia, niliomba ruhusa ya kuwapima kwa mdomo, kwa simu ya kawaida.

Wa nne alikuwa msichana ambaye darasani sikuwahi kusikia sauti yake. Nikamuuliza: wastani hupotosha wakati gani? Kimya. Nikasikia mlango ukifungwa, mtoto akilia kwa mbali, kisha pumzi zake. Kalamu yangu ilikuwa juu ya kisanduku cha alama. Nilitamani kumdokezea, nikajizuia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "watu 9 wakiwa na 10 kila mmoja, wa kumi akiwa na 1,000, wastani ni 109. Lakini hakuna hata mmoja aliye karibu na 109. Ukiwapanga kwa mstari ukamtazama wa katikati, ana 10. Huyo ndiye anayewasemea." Akanyamaza, halafu kwa sauti ya chini zaidi: "Ningeyaandika haya. Ila lilikuwa swali la tatu, sikulifikia."

Nilimpa alama zote. Baada ya kukata simu niliifungua ile ripoti, nikaitazama ile 58.

Siku hizi kila mwanafunzi nampa data zake, saa 24, vitabu ruksa, kisha dakika 10 za kunieleza alichofanya. Darasa kubwa linanimaliza siku nzima nzima, na wapo wanaojua ila wakiulizwa ana kwa ana wanatetemeka. Hao bado sijajua niwapimeje.

Kati ya wale 11, wawili simu zao hazikupatikana kamwe. Namba zao bado zimo kwenye daftari langu la muhula ule.