Neno moja limenishika leo

Leo nimekwama kwenye neno moja zaidi ya saa nzima.

Nilikuwa natafsiri barua ya rambirambi kutoka Kiingereza. Mwandishi wake, naye alishafiwa na mama, anamwandikia rafiki aliyempoteza mama yake juzi. Ametumia "empathy", si "sympathy", yaani huruma.

Nikaandika "nakuonea huruma".
Nikafuta.

Huruma unaweza kumwonea mtu huku umesimama mbali naye.

"Sympathy" ni neno kongwe la asili ya Kigiriki, lililounganisha "pamoja" na "hisia" au "mateso". "Empathy" ni changa mno. Mwanasaikolojia Edward Titchener aliliingiza kwenye Kiingereza mwaka 1909, akitafsiri neno la Kijerumani lenye maana ya kujitia ndani ya hisia.

Ndani! Hapo ndipo nilipopatafuta muda wote.

Mwishowe nikaandika: "Uchungu wako naujua, nami nimo humo pamoja nawe."

Kwenye "nimo" mkono ukasimama. Silabi mbili tu, nikamkumbuka mama yangu, macho yakanilowa.

Barua sijaituma bado. Ndugu zangu, ninyi mngeliandikaje neno hili kwa mtu aliyefiwa?