Wakunga wa Misri na Mpishi wa Montgomery

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Kutoka 1:15-21.

Farao aliwaamuru wakunga Shifra na Pua wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wakakataa kwa kuwa walimcha Mungu. Hawakuwa na jeshi wala cheo. Walimpinga mfalme palepale kazini kwao.

Nikiwasoma hao namkumbuka Georgia Gilmore, mkunga na mpishi mweusi wa Montgomery, Marekani. Siku moja alilipa nauli, dereva mzungu akamwamuru ashuke akapandie mlango wa nyuma. Aliposhuka tu, basi likaondoka na pesa yake. Sisi wa matatu tunajua uchungu wa kuachwa stejini, ila yeye aliachwa kwa sababu ya ngozi yake!

Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, alipokamatwa Desemba 1955, Weusi wa mji ule waligomea mabasi siku 381. Wengi walitembea kwa miguu. Wengine walibebwa na magari ya kujitolea, na magari yanataka mafuta. Georgia akawaita wanawake wenzake, wengi wao wapishi na watumishi wa nyumbani. Wakaoka keki, wakakaanga kuku, wakauza, na pesa zikaenda kwenye mgomo. Majina ya waliochanga yalifichwa, maana tajiri akijua, kazi imekwisha. Georgia mwenyewe alisimama mahakamani 1956 akasema yaliyompata, akafutwa kazi. Basi akapikia watu nyumbani kwake, na Martin Luther King alikuwa mmoja wa waliokula mezani pale.

Hapa Nakuru babu zetu walitembea na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha wakoloni, shingoni kwenye mashamba ya walowezi, kwa hiyo ubaguzi tunaujua. Lakini Januari 2008 damu ilimwagika mji huu huu, majirani wakiulizana makabila. Na mpaka leo kuna muumini mwenye ploti ambaye husikiliza jina la mpangaji kwanza, kisha anasema chumba kimeshachukuliwa. Hilo linanihuzunisha kuliko mambo ya Montgomery, kwa sababu huyo tunashiriki naye Meza ya Bwana.

Tuombe: Ee Mungu, uwabariki mama zetu wa vibandani na dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu. Mwenye ploti umpe moyo wa kumfungulia mlango mgeni atakayebisha wiki hii, jina lake liwe lolote. Amina.